Mbao za Chini ya Bufe

Kuna watu hapa Likasi ambao mpaka leo wakinikuta sokoni wananiuliza, "Trésor, bufe iko wapi?" kisha wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi nacheka nao maana nikinuna ndiyo watazidi, lakini ukweli ni kwamba masikio bado yananiwaka moto. Basi acheni niwasimulie mwenyewe, kwa sababu habari hii imeshazunguka mji mzima na kila anayeisimulia anaitia chumvi yake (wengine wanasema nilikimbia nikaruka ua, sikuruka ua, nilijaribu tu). Aibu ni yangu, nimeitengeneza kwa mikono yangu miwili, na kwa misumari.

Mimi ni seremala. Nalisema mapema ili mjue sina pa kujificha, siwezi kusema sikujua kazi. Wakati huo nilikuwa nataka kumuoa Solange, binti wa watu wa mtaa wa Panda. Baba yake alifanya kazi kiwandani miaka mingi mpaka akastaafu, mzee mpole, anapenda redio na usingizi wa mchana. Mama yake ni mama wa maombi, mwanamke wa maneno machache, akikuangalia tu unaanza kuhesabu vifungo vya shati lako. Jina lake sitalitaja, hata hapa, mnisamehe. Kwetu mkwe mwanaume hatamki jina la mama mkwe, haongei naye ana kwa ana, hali mbele yake, na akimwona anakuja anampisha njia na kuangalia pembeni. Hiyo ndiyo bukwe, na mimi nililelewa nayo. Majirani wote wanamwita Mama Solange, wengi hata hawajui kama ana jina lingine.

Wiki mbili kabla ya familia yangu kwenda kujitambulisha rasmi, baba mkwe aliniita nyuma ya nyumba akanionyesha rundo la mbao alizoletewa na mpasuaji mmoja wa njia ya Kakanda.

"Trésor, mbele ya ile siku nataka salon ikuwe na parquet," aliniambia. "Bantu bakifika, baone kazi ya mikono yako, bajue mutoto yetu anaenda ku muntu wa namna gani. Mama yake njo anataka kuona. Kama kazi ni muzuri, atasema ndiyo. Kama ni mubaya, minye sitaweza kukusaidia."

Mmeelewa? Ule haukuwa mtihani wa parquet, yaani sakafu ya mbao ya sebule, ulikuwa mtihani wa ndoa, na msahihishaji ni mtu ambaye siruhusiwi hata kumwuliza swali.

Sasa mbao zenyewe. Mpasuaji alikuwa amechanganya kila kitu alichokuwa nacho. Kulikuwa na mulombwa nyekundu, imenyooka, nzuri kabisa, ukiimwagia maji kidogo inang'aa mpaka unaona haya kuikanyaga. Kulikuwa na zingine zilizopindwa na jua. Na kulikuwa na mbao za mubanga, mti ule ambao watu wanauchongea nguzo za ua, mgumu mpaka ukipiga msumari unainama na kukuangalia. Kazi ya kwanza ya parquet si kupiga nyundo, ni kuchagua. Unachukua ubao mmoja mmoja, unafumba jicho moja, unaangalia kama umenyooka, unaangalia rangi, urefu, vifundo, unaupeleka kwenye rundo lake. Nilifanya kazi hiyo siku mbili, peke yangu, nyuma ya jiko.

Hapo ndipo palipoanzia. Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa na tabia moja ambayo niliirithi yote: marundo yake hakuyapa nambari, aliyapa majina ya watu. Alisema jua likikupiga kichwani unachanganya nambari tatu na nane, lakini mtu unayemjua huwezi kumchanganya na mwingine. Kwa hiyo kila ubao anauandika jina kwa kalamu nene, usoni, halafu mwisho wa kazi anapiga randa na msasa, jina linafutika, hakuna anayejua. Yeye alikuwa anaandika majina ya majirani zake. Mimi nikatazama nyumba niliyokuwa nafanyia kazi, nikasema, mbona majina yako hapa hapa.

Mbao nyekundu zilizonyooka nikaziandika SOLANGE (hapo sikukosea). Zile za kawaida, pole pole, hazina shida na mtu, nikaziandika PAPA. Zilizopinda, ambazo ukizilaza zinalia kwi-kwi unapokanyaga, nikaziandika CLÉMENCE. Huyo ni tantine Clémence, dada ya baba mkwe, mwanamke wa kelele nyingi na moyo mzuri, na mgongo wake, Mungu anisamehe, umeinama kidogo upande wa kushoto. Na zile za mubanga, zile ngumu... Mnajua niliandika nini. Nilifikiri hivi: bukwe inakataza kulitamka jina, haijasema kitu juu ya kuliandika. Nikaliandika lote, la ubatizo na la ukoo. Tena kwa sababu mimi nikishika kalamu siachi, nikaongeza maelezo. Kwenye moja ya zile za tantine: IMEPINDA, INALIA SANA. Na kwenye moja ya zile za mubanga: NGUMU, MUSUMARI INAPINDA. Nilicheka peke yangu nyuma ya jiko, nikijiona nina akili.

Kulaza kulienda vizuri. Nilizipanga SOLANGE mlangoni na katikati ya sebule, pale jicho la mgeni linapoangukia kwanza, PAPA upande wa madirisha, na zile mbaya nikazipeleka kwenye ukuta wa nyuma ambako, toka nyumba ile ijengwe, kuna bufe, yaani kabati la vyombo, na kochi refu. Bufe yenyewe si mchezo, ina vioo, ina sahani za harusi ya wenye nyumba, wanaume sita wanaibeba huku wanapumzika njiani. Mubanga chini ya bufe, zilizopinda chini ya kochi.

Nikaanza msasa na vanishi. Kopo la vanishi likaanza kuonyesha chini, na zilikuwa zimebaki siku chache tu. Nikaangalia ule ukuta wa nyuma. Nikamwuliza baba mkwe, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "Papa, ile bufe inatokaka pale?"

"Ile bufe?" akasema bila kufungua macho, redio iko kifuani. "Toka Solange anazaliwa haiyatoka, ni sababu ya kazi yako tu njo inatoka. Hata siku ya kulazwa kwangu hapa itakuwa pale pale."

Basi nikaamua. Uamuzi mdogo tu, wa dakika moja. Chini ya bufe na chini ya kochi sikupiga msasa, sikupaka vanishi. Nani ataona? Nikaita vijana, tukarudisha bufe, tukarudisha kochi, nikajipongeza kwa kubana muda.

Alhamisi mama mkwe alikuja kukagua. Mimi nikageukia ukuta, kama adabu inavyotaka, nikasikiliza kwa mgongo. Alivua sandali zake mlangoni. Akatembea miguu mitupu mpaka dirishani, akarudi, akasimama. Kisha nikasikia anamwambia mume wake, "Mwambie huyu mutoto, kazi iko propre." Propre, yaani safi! Jamani, nilitoka pale sijui kama nakanyaga chini. Nilikuwa nimepita mtihani, na sikuwa nimeongea neno hata moja.

Kosa langu nililijua Jumamosi asubuhi, na nililijua kutoka langoni. Tulikuwa tumetoka kwetu Kikula watu watano, mama yangu, dada zake wawili, mimi, na tonton Faustin, ndugu ya mama, ambaye ndiye msemaji wetu. Tonton alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ana miwani minene, na ana ugonjwa wa kusoma: akiona maandishi lazima ayasome kwa sauti, hata karatasi ya sabuni. Alituamuru wote tuzime simu, mambo ya watu wazima hayaingiliwi na simu. Tukafika, tukafungua lango, na mimi nikaona bufe imesimama nje, chini ya mwavokado.

Kochi refu lilikuwa pembeni yake. Niliangalia mara mbili, nikidhani labda ni bufe ya jirani.

Kumbe mama mkwe toka Alhamisi alikuwa hajatulia kwa ile parquet. Alikuwa anaita majirani kuiangalia. Na asubuhi hiyo akasema wageni wakikaa kwenye makochi hawataona kitu, bora atoe kila kitu nje, alete viti vya plastiki vya kukodi, aviweke pembezoni, watu waone kazi ya mkwe. Mkiwaza vizuri mtaona: kama kazi ningeifanya vibaya, bufe ingebaki ndani.

Solange alinipokea mlangoni, uso umemkauka. "Nilikutumia bamessage tano," alininong'oneza. "Bijana banabeba bufe, minye njo niliona wa kwanza. Nilitandika mikeka. Mama hayaona. Simama juu ya mukeka, usitoke pale, hata nyumba ikiungua."

Basi nikaingia, nikaona mikeka miwili chini, kando ya ukuta wa nyuma, nikaenda kusimama juu ya ule wa bufe. Watu wakakaa. Viti vilikuwa vingi. Baba mkwe alikuwa kwenye kiti chake, tantine Clémence karibu yake amevaa kitambaa kipya, majirani wawili wa kanisani, familia yangu upande huu.

"Trésor, ikala," tonton Faustin aliniambia.

"Niko bien, tonton."

"Ikala, bantu banakuangalia."

"Mugongo inaniuma kidogo, tonton, nikiikala itazidi."

Tonton akaanza maneno yake, marefu, mazuri, tumeona ua kwenye bustani yenu na kadhalika. Mimi jasho linanitoka, lakini nikajiambia nikisimama hapa mpaka waombe sala ya mwisho, nimepona. Hapo mlango wa jikoni ukafunguka. Mama mkwe akatoka na sinia ya soda, amependeza, na akaja moja kwa moja upande wangu, maana meza ndogo ilikuwa nyuma yangu.

Nataka mnielewe hapo. Mama mkwe anakuja, mkwe anampisha. Hakuna anayekufundisha siku hiyo, miguu yenyewe inajua. Nilitaka kubaki. Solange kule mlangoni alikuwa anatikisa kichwa. Lakini mama mkwe alifika hatua tatu kutoka kwangu, akasimama akingoja, na wazee wote wakaniangalia kuona kama nimelelewa au sikulelewa. Nikapisha. Nikaangalia dirishani.

"Kwanza," nikasikia sauti ya tantine Clémence, "parquet mupya kama hii, munaifunika na mikeka juu ya nini? Bamama ba Panda, munafichaka bintu bizuri."

Akauvuta mkeka.

Kando ya ukuta, pembeni ya sakafu inayong'aa, palikuwa na mraba wa mbao chafu, kavu, zina mikwaruzo ya msumeno, umbo lile lile la bufe, na juu yake maandishi ya bluu. Na yakiwa maandishi, tonton Faustin hakuweza kujizuia. Alisogeza miwani, akainama, akasoma kwa sauti ile ya darasani, kwa utaratibu, jina la mama mkwe (hapa liwekeni wenyewe), la ubatizo, la ukoo, akapumzika kidogo, akaendelea: "Ngumu. Musumari inapinda."

Akanyoosha mgongo, akatuangalia. "Huyu ni nani?"

Masikini tonton hakujua, toka tuanze mipango alikuwa amesikia Mama Solange tu.

Wa kwanza kucheka alikuwa tantine Clémence. Alicheka mpaka akashika kiti, maana mwenye jina ni wifi yake, na alimjua vizuri, na nadhani kwenye moyo wake alikubaliana na ubao. "Musumari inapinda!" alisema. "Na ku huyu mukeka mwingine, kwiko nani?" Akauvuta wa pili, akakanyaga katikati ili asome. Ubao ukalia kwi. Akashtuka, akahamisha mguu, ukalia tena kwi. Akainama akasoma jina lake mwenyewe, IMEPINDA, INALIA SANA, na kicheko kikakatika. Alipotaka kutoka pale ukalia mara ya tatu.

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaona lazima nieleze. Nikageuka, nikamwangalia mama mkwe usoni, kitu ambacho sikuwahi kukifanya, nikafungua mdomo, na hofu ikaongea badala yangu. Nikasema, "Mama, ile..." na nikalitamka jina lake. Lote. Mbele ya wazee, mbele ya mama yangu. "Ile haiko weye, mama, ile ni mbao."

Mama yangu alifunika uso kwa kitambaa. Mama mkwe aliweka sinia chini, taratibu, soda hata moja haikutikisika, akaingia chumbani akafunga mlango.

Mimi nikatoka nje. Sikukimbia, nilitembea haraka. Nikapita bufe, nikafika kwenye ua, nikapandisha mguu mmoja, na suruali yangu ya sherehe ikashikwa na waya. Nikiwa pale, mguu mmoja kwa jirani, mkono ukanishika shati. Alikuwa baba mkwe.

"Menuisier," akasema, yaani seremala, pole pole kama kawaida yake, "kazi haiyaisha, unaenda wapi?" Halafu akaniinamia sikioni. "Na minye? Jina yangu sikuiona."

"Zako zilikuwa muzuri, papa. Nilizipiga msasa."

"Aa," akasema. Nadhani alifurahi.

Tulingoja chini ya mwavokado saa nzima, tumekaa kwenye kochi refu. Niliona ndoa yangu imekwisha. Solange alipita mara moja kuchota maji, hakuniangalia, macho mekundu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, maana aibu yangu naweza kuibeba lakini ile ilikuwa siku yake na mimi niliichezea kwa kalamu. Mwishowe tantine Clémence akatoka na uamuzi. Nilete mbuzi wa kumsafisha mama mkwe jina lake, na kitenge. Niing'oe parquet yote, nianze upya kuanzia kuchagua, na mama mkwe mwenyewe atakaa aangalie. Kazi ikiisha, ndipo turudi kuongea. "Na minye utaniletea kuku," tantine akaongeza, "jike, ile inalia sana."

Nililipa vyote. Na kila siku ya kazi mama mkwe aliketi kwenye kiti nyuma ya jiko, mimi nimempa mgongo nachagua mbao. Kwa kuwa hatuongei, alikuwa anaongea na bufe, ambayo ilikuwa bado nje. "Weye bufe, mwambie menuisier ile ubao aigeuze, iko na kifundo." Nageuza. "Mwambie ile ya rangi hii isikae na ile." Natenganisha. Siku ya tatu alichukua ubao wa mubanga, nikasikia anaugonga kwa kidole. "Bufe, mwambie hizi ngumu aziweke pa mulango. Pale njo bantu banakanyaga mingi. Zile laini zitaisha mbio."

Nilisimama na randa mkononi. Alisema kweli. Mlango unataka mti mgumu, fundi wangu alinifundisha hivyo, na mimi kwa kutaka kupendeza macho nilikuwa nimeuficha ubao bora wa nyumba nzima chini ya sahani. Niliona haya kuliko hata Jumamosi ile, lakini haya ya namna nyingine.

Ndoa ilifungwa, na sasa tuna watoto wawili. Na mimi nimeapa, na kiapo hiki nakishika: mbao zangu naziandika nambari, nikichanganya tatu na nane nitachanganya, na hakuna pembe ya nyumba ambayo siipigi msasa, hata chini ya kitanda cha mtu asiyehama.

Lakini mama mkwe aliomba jambo moja la mwisho, kupitia bufe. Ubao mmoja, ule wenye jina lake, usiguswe, usipigwe msasa, usipakwe kitu. Aliniamuru niulaze mbele ya kiti kimoja karibu na dirisha, na kiti hicho ndicho cha mkwe. Kila nikienda Panda nakalishwa hapo, na jina lake liko pale chini, herufi za bluu, kwa mwandiko wangu. Sasa niambieni, nitaweka wapi miguu? Naiweka pembeni, au nainyanyua kidogo, chakula kizima, maongezi yote. Watoto wangu wanadhani baba yao ndivyo anavyokaa.

Jumapili iliyopita mama mkwe alipita na sahani, mimi nikaangalia dirishani. Nikamsikia amesimama mbele ya bufe.

"Weye bufe," akasema, "mukwe yetu, ile miguu haichokake?"

Bufe haikujibu, na mimi nikainyanyua miguu juu zaidi kidogo.